Kikao cha wenye nyumba Marekani: kurekodi ni haki au ni kosa?

Mwafrika Mashariki anayenunua nyumba katika mitaa mipya ya Texas, Florida au California mara nyingi hununua vitu viwili kwa mpigo: nyumba yenyewe, na uanachama katika jumuiya ya wenye nyumba wa mtaa huo, ambayo wenyeji huiita HOA. Uanachama huo hauna hiari. Ukishakuwa mmiliki, unalipa ada, unafuata kanuni za rangi ya ukuta na urefu wa majani, na ukikosea unatozwa faini.

Wanaosimamia hayo ni bodi ya majirani wachache waliochaguliwa na wenzao. Hukutana jioni ukumbini au kwa njia ya video, na hapo ndipo linapozuka swali ambalo limewakosanisha majirani wengi: je, mwenye nyumba anaweza kuweka simu mezani na kurekodi kikao?

Kwa familia ya wahamiaji, hili si suala la udaku. Baba yuko zamu ya usiku ghalani, mama anahudumia wazee kituoni. Mmoja akibahatika kwenda kikaoni, mwenzake angependa kusikia kilichosemwa. Kiingereza cha wanasheria nacho kina kasi yake. Lililopita masikioni jioni hueleweka zaidi likisikilizwa tena kesho yake. Na kinachozungumzwa ni fedha. Ada isiyolipwa inaweza kugeuka dai juu ya nyumba, na dai likiachwa likue, nyumba inaweza kuuzwa hata kama mkopo wa benki unalipwa kila mwezi bila kukosa.

Jibu linategemea jimbo. Florida imeliandika waziwazi: sheria ya jumuiya hizo, sura ya 720, inampa mwenye nyumba haki ya kurekodi kwa sauti au kwa video vikao vya bodi na mikutano ya wanachama. Bodi inaweza kuweka utaratibu unaofaa, mathalani kamera isizibe njia, lakini haiwezi kuifuta haki hiyo.

Mwenye kuhama Florida akaenda California asidhani mambo ni yale yale. Huko sheria inampa mwanachama haki ya kuhudhuria kikao cha wazi cha bodi na kusema, ila haimpi haki ya kurekodi. Zaidi ya hapo, California ni jimbo ambalo kurekodi mazungumzo ya siri bila ridhaa ya wote waliomo ni kosa la jinai. Kama kikao cha majirani ni cha siri au la, ni jambo la ubishi, kwa sababu wanaoruhusiwa kuingia ni wanachama tu. Bodi nyingi zimemaliza ubishi kwa kupitisha kanuni ya kukataza.

Texas na New York zina msimamo mwingine: aliyemo katika mazungumzo anaweza kuyarekodi bila kuomba ridhaa ya wenzake. Hata hivyo, kutokuwa kosa la jinai hakuizuii jumuiya kuwa na kanuni yake, hivyo makabrasha yale mazito yanayotolewa siku ya kununua nyumba inafaa yasomwe kabla ya kikao cha kwanza.

Bodi zinazokataza husema watu wataogopa kutoa maoni. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Lakini bodi inayotumia fedha za majirani haina sababu nzuri ya kuogopa maneno yake yenyewe, na wenye nyumba wana haki ya kuliuliza hilo kwenye uchaguzi. Penye faragha ya kweli, sheria imekwisha kuweka mlango: mashauri na wakili kuhusu kesi na masuala ya wafanyakazi hujadiliwa faraghani, na huko mwanachama haingii, sembuse simu yake.

Kosa kubwa zaidi ni kurekodi kwa kificho, simu ikiwa mfukoni. Katika jimbo linalodai ridhaa ya wote, mwenye malalamiko ya haki anaweza kujikuta yeye ndiye mshitakiwa. Aliyetangaza mwanzoni, "Narekodi, naomba iandikwe," amejikinga vizuri zaidi. Na iwapo deni au ugonjwa wa jirani umetajwa, kipande hicho hakina kazi kwenye kundi la WhatsApp.

Panapokatazwa, bado kuna kalamu. Muhtasari rasmi kwa kawaida huandika kilichoamuliwa, si kila ahadi iliyotamkwa. Mwenyekiti akisema "tutatengeneza bomba lako mwezi huu", neno hilo linaweza kupotea usiku ule ule. Dawa yake ni barua pepe kwa bodi asubuhi inayofuata: jana mlisema hivi, tarehe fulani, nami ndivyo nilivyoelewa. California inataka muhtasari, hata wa rasimu, upatikane kwa wanachama ndani ya siku 30. Uombwe, usomwe na wote wawili nyumbani, na palipokosewa paandikiwe bodi kabla kikao kijacho hakijaupitisha.