Risasi za .308 na .30-06 kwa uwindaji wa swala: zinafanana, lakini si moja

Wawindaji wanaokwenda kuwinda swala pala, pongo au tandala katika vitalu vya Tanzania na Zambia hubeba zaidi aina mbili za risasi, .308 Winchester na .30-06 Springfield. Kwa mfanyabiashara na msafirishaji majina hayo hukaribiana mno, na hapo ndipo makosa huanzia.

Lumbadzi ni njia panda ya safari hizo. Uwanja wa ndege wa Kamuzu uko hapo, na barabara ya M1 huleta malori kutoka Dar es Salaam kupitia Kasumulu na Songwe hadi Lilongwe, ambako njia ya Mchinji huelekea Zambia. Karibu na hapo iko Dzaleka, wilayani Dowa, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni.

Majina yanadanganya

Risasi ya .30-06 ilianza kutumika katika jeshi la Marekani mwaka 1906, na tarakimu 06 ni za mwaka huo. Ile ya .308 iliingia sokoni mwaka 1952. Zote mbili hurusha kichwa cha kipenyo kilekile, milimita 7.8. Tofauti iko kwenye ganda: la .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 milimita 63. Risasi ya .303 ya Uingereza, ambayo bado ipo katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, ni kitu kingine kabisa: kitako chake kina ukingo uliotokeza na kichwa chake ni kinene kidogo zaidi.

Kichwa cha gramu 11.7 hutoka kwenye .308 kwa mwendo wa karibu mita 800 kwa sekunde, na kwenye .30-06 karibu mita 820. Kwa swala aliye umbali wa mita 150 au 200 tofauti hiyo haina uzito. Faida ya .308 ni kwamba haipigi bega sana. Faida ya .30-06 ni kubeba vichwa vizito zaidi, jambo linalofaa kwa mnyama mkubwa kama pofu. Kwa nyati na tembo hakuna inayotosha: Tanzania inataka bunduki isiyopungua .375.

Bunduki ndiyo inayoamua

Kwa hiyo mwenye bunduki hachagui risasi kwa bei wala kwa kilichopo dukani, bali kwa maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Risasi ya .308 ni fupi, hivyo inaweza kuingia katika chemba ya .30-06. Ikilipuka humo ganda linaweza kupasuka na moto wa baruti kumrudia mpigaji usoni. Muuzaji anayesema "hizi ni zilezile" anaweka jicho la mteja hatarini.

Tahadhari nyingine ni 7.62x51 ya kijeshi, ambayo kwa umbo inakaribia kuwa sawa na .308. Kichwa chake huwa kimefunikwa chote kwa shaba au chuma, hakifunguki kinapompiga mnyama, na swala hukimbia na jeraha na kwenda kufia mbali. Isitoshe, kibali kikisema .308 na kasha likaandikwa 7.62x51, ofisa wa mpakani ana sababu ya kuzuia mzigo.

La kukagua kabla ya safari

Hakuna risasi inayovuka mipaka ya Tanzania, Malawi na Zambia kihalali bila kibali. Msafirishaji alinganishe vitu vitatu: aina iliyoandikwa kwenye kibali, iliyoandikwa kwenye kasha, na iliyogongwa kwenye kitako cha risasi, kisha ahesabu idadi. Risasi za kawaida za kuwindia husafirishwa kwa namba ya Umoja wa Mataifa UN 0012, daraja la 1.4S. Kwa ndege, abiria huruhusiwa uzito usiozidi kilo 5 kwa matumizi yake mwenyewe, ndani ya mizigo inayokabidhiwa, na kwa idhini ya shirika la ndege.

Dereva anayeombwa kupeleka "kikasha kidogo tu" bila karatasi akatae. Kikikamatwa, atakayeulizwa kwanza ni yeye, na lori litabaki mpakani na shehena yote ya watu wengine.