Kutambua Mabadiliko katika Faili la Kumbukumbu: Mfano wa Msamiati wa Chasu

Ichukuliwe kwamba msamiati wa Chasu uliokusanywa Mhezi, wilayani Same, umefungwa katika faili moja la ZIP linalotumiwa na programu ya kamusi. Mfumo dhahania wa mafaili huliwasilisha furushi hilo kama kabati lenye majalada, ili kila jalada lisomwe bila furushi zima kufunguliwa. Ili kuokoa muda, mfumo huhifadhi nakala ya yale uliokwisha kuyasoma. Hivyo hauna budi kuchunguza iwapo furushi lenyewe limebadilika.

Kigezo cha kwanza ni tarehe na ukubwa. Kigezo hiki hakitoshi. Chasu ni lugha ya toni: alama ya toni ikihamishwa kutoka silabi moja hadi nyingine, ukubwa waweza kubaki uleule, tena, saa ya majalada ya ZIP kwa kawaida huhesabiwa kwa hatua za sekunde 2.

Kigezo cha pili ni namba ya uhakiki, yaani CRC-32, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo katika kila jalada. Namba ikitofautiana, nakala ya zamani hutupwa na jalada husomwa upya. Pasipo hatua hiyo, kamusi itaendelea kuonyesha kosa lililokwisha kusahihishwa, na msomaji hatalitambua.