Mzee Asiyesikia Anaanguka Upesi

Mama, kila mwezi unaleta mtoto kupimwa kilo. Ni vizuri. Lakini mama mkwe wako aliyebaki nyumbani, je, anasikia?

Pengine unamwita mara tatu, hajibu. Wengine wanasema, "Ni kiburi," ao "Amelogwa." Hapana! Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu 100 waliopita miaka 60, zaidi ya 25 wamepungukiwa sana kusikia.

Masikio na miguu inapatana namna gani? Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu ya kusikia, na karibu yake ingine inayosaidia mwili kusimama bila kuyumba. Mara nyingi zinazeeka pamoja. Tena mzee hasikii hatua zake wala kinga inayokuja nyuma. Akili yake inachoka kwa kutafuta maneno, haichungi tena miguu. Mwisho anaacha kwenda soko na kanisa, anaketi tu, na nguvu inaisha. Mwaka 2012, Lin na Ferrucci wa Marekani waliandika kwamba watu waliopungukiwa kusikia, hata kidogo, walikuwa wameanguka karibu mara 3 kupita wengine. Na mfupa wa paja wa mzee ukivunjika, pengine hatatembea tena.

Basi ufanye hivi:

1. Umlete hospitali. Pengine ni nta tu inayofunga sikio, munganga ataitoa. Usitie kijiti wala mafuta ya moto. Kama masikio yamefunga kwa gafula, usingoje hata siku moja.

2. Akipewa chombo cha kusikia, akivae kila siku. Kwanza atasema makelele ni mingi. Baada ya majuma atazoea. Akitoe akioga na akilala.

3. Pile yake ni ndogo kama kifungo. Uiweke mbali na watoto! Ikimezwa inaunguza koo. Umkimbize mtoto hospitali saa ile ile.

4. Chombo hakitie nguvu katika miguu. Mzee atembee kila siku, na asimame na kuketi mara nyingi kwenye kiti. Ondoa mawe njia ya choo. Usiku awe na taa.

5. Hana chombo? Simama mbele yake aone midomo yako, sema polepole, usipige kelele.

Mwezi ujao, ukileta mtoto, uje na nyanya yake pia.