Sufuria ya Jumapili

Wali uliobaki saa tatu usiku hufunikwa kwenye sufuria yake, ukaachwa juu ya jiko la mkaa lililokwisha kupoa, na asubuhi ukapashwa moto ili uliwe na chai ya rangi. Hivyo ndivyo nilivyokua, na ndivyo walivyokua wengi wa Mtoni hapa Dar es Salaam, kuanzia kwa Aziz Ally hadi Mtongani na Kijichi. Wengi wetu tulikijua kiporo kabla ya kujua mkate wa siagi. Wazee wa pwani wanacho kwa majina mengine, bariyo na mwiku, na lugha haitungi majina matatu kwa kitu kisicho na kazi nyumbani.

Naandika habari za kiporo kwa sababu sijui njia nyingine inayopunguza gharama za jiko kwa haraka kiasi hicho: pika mara moja, kula mara tatu. Tena naandika kwa sababu sehemu ya mazoea yetu si salama. Tunaamini kwamba moto wa asubuhi hufuta makosa ya usiku. Yapo ambayo haufuti.

Tuanze na punje ya wali. Udongo wa mashamba, wa Kilombero sawasawa na wa Shinyanga, una bakteria aitwaye Bacillus cereus. Anapobanwa na ukavu au joto hujifungia ndani ya gamba gumu liitwalo spora, akalala. Spora husafiri na mchele kutoka shambani hadi mashineni, kutoka dukani hadi sufuriani. Maji yanachemka, wali unaiva, bakteria wengine wanakufa, spora zinabaki. Joto la kupikia huzigutusha usingizini, na wali unapofika uvuguvugu zinakuta karamu: wanga, maji ya kutosha, na hakuna mshindani.

Hesabu yake inatisha kidogo. Chukulia bakteria hao wanaongezeka maradufu kila nusu saa, kasi ya kawaida kabisa kwenye joto la usiku wa Dar es Salaam, ambapo Januari hadi Machi hewa haishuki sana chini ya nyuzi 25. Kutoka saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi ni saa kumi, yaani mara ishirini za kujizidisha. Bakteria mmoja anakuwa zaidi ya milioni moja. Wengine katika jamii hiyo hutoa sumu iitwayo cereulide, na hapo ndipo imani yetu juu ya moto inapovunjika. Bakteria mwenyewe anakufa ukimchemsha asubuhi. Sumu aliyoiacha haifi. Imewahi kupashwa maabara hadi nyuzi 121 kwa saa moja na nusu ikabaki na nguvu zake, ilhali jiko letu la mkaa huchemsha maji kwa nyuzi 100 tu.

Sayansi iliigundua sumu hiyo kupitia wali hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchini Uingereza, watu walikuwa wakila wali wa kukaanga kwenye migahawa ya Kichina na kuanza kutapika ndani ya saa chache. Ikabainika kwamba wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi na kuuacha nje usiku kucha, kwa kuwa wali wa kwenye friji hushikana na kuwasumbua wakati wa kukaanga. Kwa kawaida mtu hutapika, akashinda vibaya siku moja, akapona. Lakini Oktoba 2008, mjini Brussels, kijana wa miaka 20 alikula tambi zilizokuwa zimekaa jikoni siku tano bila friji. Alizipasha moto. Usiku huohuo ini lake likashindwa kazi na asubuhi alikutwa amefariki.

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama za mwaka 2001, lilisema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, na kikipashwa kipashwe hadi kitoe mvuke kote, zaidi ya nyuzi 70. Watu wengi wanakumbuka la kupasha. La muda wa saa mbili ndilo linalookoa.

Sasa, kupoza sufuria ndani ya muda huo si jambo la kuiacha tu wazi. Joto hutoka katikati ya chakula kizito polepole mno. Ukiongeza unene wa chakula mara mbili, muda wa kupoa katikati hauongezeki mara mbili, unaongezeka kama mara nne. Ndiyo maana wali wa sufuria ndefu unaweza kuwa baridi juu na vuguvugu katikati hata usiku wa manane. Mimina wali huohuo kwenye sinia, uutandaze uwe na unene wa vidole viwili, na utaona mvuke unavyokwisha ukiwa bado unaosha vyombo. Mchuzi na maharage ni rahisi zaidi: weka sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi, koroga, badilisha maji yakipata joto. Sinia na beseni viko katika kila nyumba ya Mtoni. Vitumike.

Nimeanza na hatari ili sasa nizungumze kwa moyo mweupe juu ya faida, na faida yenyewe inaanzia kwenye maharage.

Anayenunua maharage robo robo hulipa zaidi kwa kila gramu kuliko anayenunua kilo kadhaa pale Tandika au Temeke Stereo, hilo kila mama analijua. Kisichohesabiwa ni mkaa. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilitumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake iliishia Dar es Salaam. Kwenye sufuria ya maharage sehemu kubwa ya mkaa huo haiingii kwenye maharage. Inaishia kuwasha jiko, kupasha chuma, na kufidia joto linalokimbia pembeni kwa muda wote ambao sufuria inatokota. Mahitaji hayo ni karibu yaleyale upike robo au upike kilo. Kwa hiyo kuchemsha robo mara nne ni kulipia safari ileile mara nne.

Basi Jumapili ndiyo siku. Usiku wa Jumamosi loweka kilo moja ya maharage. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, chemsha. Kilo moja kavu hutoka ikiwa na uzito wa kilo mbili na zaidi, na kwa familia ya watu watano hiyo ni mboga ya siku tatu. Kuloweka kunapunguza muda wa jikoni kwa sababu maji hufika katikati ya punje kabla ya moto, na ngozi hulainika. Maharage yasiyoiva hata ukiyapa nusu siku kwa kawaida si ya shamba baya, ni ya ghala: yamekaa miezi mingi kwenye joto na unyevu kama huu wetu wa pwani, na gundi inayoshikanisha chembe zake, pektini, imekazana na madini. Magadi huilegeza gundi hiyo, ndiyo siri ya mama zetu, ila yakizidi huharibu vitamini B1, mojawapo ya vitu vyema ambavyo maharage yanatupa. Ni heri kumuuliza muuzaji kama ni ya msimu huu. Na maharage mekundu yana sumu ya asili inayokufa kwa kutokota kikwelikweli, dakika kumi angalau. Anayetumia kikapu chenye matandiko ya kutunza joto kumalizia kupika, njia nzuri sana ya kubana mkaa, asikose kuyatokotesha kwanza.

Hapa lipo jambo ambalo ningependa lishikwe kuliko mengine yote ya upangaji: chemsha maharage yakiwa matupu. Bila nazi, bila nyanya, bila kitunguu. Tui la nazi lina maji mengi, sukari kidogo, protini, na halina ukali wa kuzuia bakteria, kwa hiyo chakula cha nazi ndicho kinachochacha kabla ya vyote. Kila mpishi wa pwani analijua hilo kwa pua yake. Maharage matupu yakipozwa, yakagawanywa makopo matatu na kugandishwa, yanakuwa mtaji. La kwanza linaungwa nyanya na kuliwa na ugali Jumatatu. La pili linatiwa tui Jumatano, siku ya wali. La tatu linachanganywa na mahindi ya kukoboa Ijumaa, nayo ni makande. Sufuria moja, ladha tatu, na hakuna anayelalamika kwamba maharage tena.

Kisamvu kinakwenda kwa utaratibu uleule. Majani ya muhogo yana kemikali inayozaa sianidi, na kinu ndicho kinachoiondoa: kutwanga hupasua chembe za jani, kimeng'enya chake chenyewe kikavunja kemikali hiyo, na sumu ikaondoka na mvuke wakati wa kuchemsha. Kazi hiyo nzito ifanyike mara moja kwa majani ya wiki mbili, kisha kigandishwe mafungu mafungu. Karanga au nazi zitakikuta siku yake.

Friza haliui bakteria. Linawasimamisha. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri maji yote wanayoyahitaji yamekuwa barafu, na yakiyeyuka wanaendelea pale walipoachia. Kwa hiyo chakula kilichokaa nje usiku kucha hakitakaswi na friza. Barafu pia hukata kuta za chembe za chakula: mchicha unatoka ukiwa maji matupu, viazi vya mchuzi vinakuwa kama sifongo, wakati maharage, kisamvu, nyama ya mchuzi na mahindi vinavumilia vizuri. Wali una kisa chake. Wanga uliopikwa ukipoa hujipanga upya na kukauka, na mwendo huo ni wa kasi zaidi kwenye ubaridi wa friji, karibu nyuzi 4, kuliko kwenye friza. Ndiyo maana wali na chapati zikilala frijini hukakamaa, ila zikigandishwa na kupashwa moja kwa moja kwa mvuke hurudi laini. Sehemu ya wanga huo hubaki imejipanga hata baada ya kupashwa na haimeng'enywi tumboni upesi. Mwaka 1982 watafiti wa Uingereza, Hans Englyst akiwa miongoni mwao, waliupa jina la wanga sugu, na umekuwa ukichunguzwa tangu hapo kwa manufaa yake kwenye utumbo mpana.

Na umeme ukikatika? Friza lililojaa, lisipofunguliwa, hushika ubaridi kwa muda wa saa 48 hivi; lililojaa nusu, saa 24. Nafasi iliyobaki ijazwe chupa za maji. Zikiganda zinakuwa akiba ya ubaridi, na anayeuza barafu mtaani anaipata bidhaa humohumo.

Samaki wana sheria kali zaidi. Vibua na jodari wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza asidi ya amino iliyomo kwenye minofu yao kuwa histamini, inayoleta wekundu usoni, kuwashwa na kichwa kugonga. Histamini nayo haiogopi mafuta ya kukaangia. Samaki wa soko la Feri wasipitie kwanza kwenye mizunguko ya mji: wafike nyumbani, watolewe matumbo, waingie kwenye baridi. Na ya tatu katika kundi la sumu zisizosikia moto ni sumukuvu, inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara. Kununua unga wa mwezi mzima ni akiba endapo tu una chombo kikavu chenye mfuniko, kilichoinuliwa kutoka sakafuni. Unga wenye harufu ya uvundo utupwe. Kuupika ugali hakuusafishi.

Najua wasomaji wengi wa Mtoni wanaishi chumba kimoja na hawana friji, na sitawaambia waipuuze sayansi hii kwa sababu hiyo. Kwao wiki ipangwe juu ya vikavu: dagaa, choroko, kunde, karanga, unga. Ukavu hufanya kazi ileile ya barafu, unawanyima bakteria maji. Choroko na dengu huiva upesi, hivyo hazihitaji kupikwa kwa akiba. Wali upikwe wa kulika siku hiyohiyo. Na ipo njia ya mabibi, uchachu: togwa hupanda ukali hadi mahali ambapo bakteria wengi wabaya hawawezi kukua. Rose Kingamkono na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti uliofanyika hapa nchini ukionyesha kwamba watoto waliopewa togwa walikuwa na vimelea vichache vya kuharisha kwenye choo. Wenye friza nao wanaweza kumwekea jirani makopo mawili kwa makubaliano ya luku. Nimeona nyumba za kupanga zikifanya hivyo bila ugomvi.

Mtoni palikuwa na jalala la jiji kabla taka hazijahamishiwa Pugu Kinyamwezi, na chini ya taka zile mabaki ya chakula yalioza bila hewa hadi ukabuniwa mradi wa kuvuna gesi ya methani iliyokuwa ikitoka ardhini. Ule ulikuwa ugali wa mtu, maharage ya mtu, mkaa wa mtu.

Leo usiku, kabla hujazima taa ya jikoni, fungua sufuria. Kama kuna wali, uumimine kwenye sinia upoe, kisha uingie frijini au kwa jirani mwenye friza. Na kama wali umelala nje tangu jana usiku, usiupashe, usimpe mtoto. Mwaga.