Maji Matamu Si Lazima Yawe Maji Safi
Maelezo kwa wenyeji wa Kitui na Makueni

Wasomaji wetu wa Ukambani hawana haja ya kuambiwa kwamba maji ni haba. Mama aliyeamka alfajiri akamfuata punda hadi mtoni, kisha akangoja zamu yake mpaka jua likawa juu, ajua habari hiyo kuliko sisi. Jambo tupendalo kulieleza hapa ni lingine: maji yakiisha kupatikana, je, yafaa kunywewa? Maana katika Kitui na Makueni maji yaweza kuwa mabaya kwa njia mbili zilizo mbalimbali kabisa, na dawa ya ubaya mmoja haifai kitu kwa ubaya wa pili.

Ubaya wa kwanza ni ule wa vijidudu. Hivi hutoka katika choo cha mtu au mavi ya mnyama, navyo ni vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Maji yaweza kung'aa kama kioo na yakawa na ladha nzuri, na huku yamebeba kipindupindu, homa ya matumbo, au kuhara damu. Watu wengi hawasadiki neno hili mpaka wapatwe na msiba. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari mmoja, John Snow, alihesabu nyumba zilizofiwa, akaona kwamba karibu zote zilichota maji katika bomba moja la barabara iitwayo Broad Street. Alikuwako mama mjane aliyekuwa amehama mtaa ule akaenda kukaa Hampstead, mbali kidogo, lakini aliyapenda mno maji ya bomba lile kwa utamu wake, akawa akiletewa kwa chupa. Mama huyo alikufa kwa kipindupindu, na majirani zake wa Hampstead hawakuugua. Tumeitaja habari hii kwa sababu hata leo mtu wa Mutomo au Kathonzweni, ukimwuliza ni maji gani yaliyo mazuri, hukujibu kwa ulimi wake.

Sasa tutazame mito yetu. Tiva, Thua, Kaiti na mingine mingi hupita maji kwa siku chache tu wakati wa mvua, halafu huonekana kuwa mikavu. Lakini haikukauka. Maji yamejificha ndani ya mchanga, na mtu akichimba hupata. Tena wenyeji wamejifunza kujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, ili mafuriko yalete mchanga na kuulundika nyuma ya ukuta, na mchanga huo ukanywa maji. Kazi ya namna hii ilianza Ukambani katika miaka ya 1950, siku za ile idara iliyoitwa ALDEV, na baadaye chama cha SASOL pamoja na wanavijiji wa Kitui wamejenga mamia ya mabwawa hayo. Robo au hata theluthi ya lundo lile la mchanga yaweza kuwa maji. Jua halifiki chini sana. Maji yaliyo zaidi ya nusu mita hivi chini ya mchanga hayapotei upesi kwa ukali wa jua. Tena mchanga huyachuja.

Hapo ndipo kosa huingia. Mchanga huchuja maji yanayopita polepole ndani yake. Hauchuji maji yaliyokwisha kutoka nje yakakaa wazi katika shimo. Shimo la kuchota kwa kata, ambalo Wakamba huliita kithima, ni kama sahani iliyoachwa uani. Mbuzi hunywa, punda husimama ukingoni na kuacha mavi yake, mtoto hushuka na miguu yenye matope, na kata iliyolala chini hutiwa tena ndani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 juu ya mabwawa ya mchanga ya kusini mashariki ya Kenya ulionyesha kwamba visima vilivyofunikwa na kutiwa pampu ya mkono vilikuwa na vijidudu vichache kuliko mashimo ya wazi. Mto ni mmoja na mchanga ni ule ule. Kilicho tofauti ni kifuniko. Kipimo cha Shirika la Afya Ulimwenguni ni kwamba katika millilita 100 za maji ya kunywa, yaani nusu kikombe hivi, kisionekane hata kijidudu kimoja cha aina ile inayoonyesha kwamba choo kimeingia.

Ubaya wa pili hauletwi na mtu wala mnyama. Nchi ya Ukambani imekaa juu ya miamba ya kale sana, na maji yaliyo chini humo hukaa muda mrefu yakiyeyusha chumvi za mawe. Kwa hiyo mara nyingi kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, kwa fedha nyingi na kwa ngoma na vigelegele siku ya kufunguliwa, hutoa maji ya chumvi. Katika nchi ya chini, mbali na vilima vya Mbooni na Kilungu vyenye chemchemi, jambo hili ni la kawaida. Pengine pamoja na chumvi huja floridi. Floridi kidogo huimarisha meno, lakini ikizidi miligramu 1.5 katika lita moja, kipimo cha Shirika hilo hilo, huanza kudhuru. Meno ya mtoto anayekua huota na madoa ya rangi ya udongo, nayo hayatoki kwa mswaki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulikuta visima vya Makueni vilivyopita kipimo hicho.

Basi msomaji aona shida ilivyo. Maji ya kisima kirefu kilichofunikwa vema kwa kawaida hayana vijidudu vingi, lakini ni ya chumvi, hayakati povu la sabuni, na chai yake haina raha. Maji ya kithima ni matamu, lakini yana uchafu. Mama hulipa fedha kwa yale ya kwanza, akampa ng'ombe, halafu humpa mtoto yale ya pili. Hatuwezi kumlaumu, maji ambayo mtu hawezi kuyameza si maji kwake. Kwa maoni yetu amefanya nusu ya jambo vizuri. Ya chumvi na yatumike kwa mifugo, kwa kufulia na kuoshea vyombo. Ya mtoni na yanywewe, lakini baada ya kutibiwa.

Kutibu ni hivi. Maji yakiwa na matope, yaache yatulie katika mtungi mmoja, kisha uyamimine polepole katika mwingine na kuyachuja kwa kitambaa safi. Watu wa Kibwezi wanaopanda mlonge waweza kusaga mbegu zake na kuzikoroga ndani. Unga ule hukusanya matope na kuyashusha chini, walakini haumalizi vijidudu. Halafu chemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu dakika nzima. Kama kuni ni ghali, tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Klorini haifanyi kazi sawasawa katika maji ya matope, na ndiyo sababu kutuliza hutangulia. Neno moja lazima likumbukwe: kuchemsha hakuondoi chumvi wala floridi. Maji hupungua kwa mvuke na chumvi hubaki, hata yakawa makali zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu wa kisima chenye floridi asipoteze kuni zake kwa kutumaini kuisafisha; heri awawekee watoto wadogo maji ya mvua.

Yako pia maji ambayo mwenye nyumba hana uwezo juu yake. Mto Athi hupokea mito ya Nairobi pamoja na taka za mji na viwanda, kisha hushuka kati ya Makueni na Kitui. Mahali unapokutana na mto Thwake, ujenzi wa bwawa kubwa ulianza mwaka 2018, bwawa la kuweka zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Madini ya viwandani hayafi kwa moto wala kwa klorini. Dawa yake iko Nairobi, si jikoni Ukambani, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Wanaoishi kando ya mto huo wana haki ya kuuliza maji hayo hupimwa mara ngapi, na majibu ya vipimo yako wapi.

Hata mchanga wenyewe una adui. Malori yaliuzoa kwa ajili ya majengo ya mijini mpaka mito mingine ikabaki mwamba mtupu, na maji yakakosa pa kulala. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015.

Mwisho ni habari ya mapaa, maana mvua za vuli huanza Oktoba. Paa la mabati hukusanya vumbi na mavi ya ndege kwa miezi yote ya kiangazi. Kabla ya mvua, safisha mifereji na tangi, na upindishe bomba ili maji ya mvua ya kwanza yamwagike chini. Tangi na liwe na kifuniko kisichopitisha mbu, tena na bilula karibu na chini, ili mtu asiingize kata wala mkono. Na mitungi ya punda ioshwe kwa sabuni na kokoto ndogo, ikitikiswa mpaka utelezi wa ndani utoke.