Mgongo mbovu na gari ya delivari: kagua siti kabla hujalipa

Kuna swali linanijia inboksi karibu kila wiki, wanabadilisha maneno tu: "Nimejichanga nataka gari ya kupelekea mzigo, ila mgongo wangu mbovu, nichukue gani?" Wengine waliumia kwenye bodaboda, wengine walibeba robota la mitumba wakasikia kitu kimeachia kiunoni, wengine wamekalia stuli ya fremu miaka sita mpaka mgongo umegoma. Majibu wanayopewa mtaani ni ya mafuta na spea tu. IST haili mafuta, Probox haifi, Kirikuu inabeba. Habari ya siti hakuna anayeigusa. Na wewe mwenye mgongo mbovu, gari utakayokaa ndani saa nne kwa siku na foleni zetu hizi, siti ndiyo ya kwanza kuangalia. Mengine yanafuata.

Naongea kama mwenye shida hiyo. Nauza viatu, nina fremu ya kugawana hapa Kariakoo na oda nyingi ni za mtandaoni. Masika ya miaka miwili iliyopita bodaboda niliyopanda iliteleza, nikadondokea makalio. Kipimo kikaonyesha diski ya chini imetoka kidogo na inagusa neva, ndiyo maana maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka unyayoni. Sijapona kabisa. Lakini mizigo ya wateja wa jumla bado napeleka mwenyewe, siku tatu kwa wiki, kwa sababu hapo ndipo hela ilipo na siwezi kumkabidhi kila mtu. Siku nikishindwa kukaa kwenye gari, nusu ya biashara imelala.

Kwanza uelewe kwa nini kukaa kunauma kuliko kusimama. Katikati ya pingili za mgongo kuna diski, vitu vyenye ulaini kama mpira, ndivyo vinavyopokea uzito. Ukisimama kiuno kina mkunjo wake wa asili wa kuingia ndani. Ukikaa kizembe makalio yanateleza mbele, ule mkunjo unapotea, diski zinabanwa kwa mbele na kusukumwa nyuma ziliko neva. Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Sweden, Alf Nachemson, aliingiza sindano yenye kipimo cha presha ndani ya diski za watu wazima walio hai. Akakuta kukaa bila kuegemea kunaweka presha kubwa kuliko kusimama. Waliopima baadaye walikuta tofauti si kubwa kama alivyosema yeye, ila jambo moja limebaki: ukiegemea nyuma kidogo na kiuno kikapata kitu cha kukishikilia, presha inashuka. Wasweden hao hao ndio walikuwa wa mwanzo kuweka kwenye gari siti yenye kishikilia kiuno cha kurekebisha, Volvo walikuwa nayo miaka hiyo hiyo ya 1960. Sisi Volvo tunaijua kwa malori tu.

Sasa magari yetu.

Kirikuu, yaani Suzuki Carry, naiheshimu sana kwa mzigo. Kwa mgongo ulioumia, hapana. Injini iko chini ya siti, egemeo limesimama wima kama kiti cha darasani, na nyuma yake kuna ukuta wa kebini kwa hiyo hakuna pa kulilaza. Shimo ukiliingia unalisikia kiunoni. Halafu nyingi ni gia za mkono, na kama neva yako imeshika mguu wa kushoto kama mimi, kukanyaga klachi kwenye foleni ya Msimbazi ni adhabu. Jirani yangu wa fremu alinunua Kirikuu akiwa na mgongo kama wangu. Leo inaendeshwa na kijana anayemlipa kila wiki, na yeye anapanda daladala. Gari ni zima, haina tatizo lolote. Ila faida aliyoipigia hesabu inaliwa na mshahara ambao hakuupanga.

Probox ilianza kutengenezwa 2002 kama gari ya kazi ya makampuni huko Japan. Inabeba kweli, ila imewekewa springi za kubeba, kwa hiyo ikiwa tupu inaruka. Ukiichukua, usijaze upepo wa tairi kama umebeba saruji wakati umebeba mabegi ya nguo. Passo ina matoleo ambayo siti za mbele zimeungana kama sofa, bapa, hazikushiki ubavuni, kona ikija mwili wote unajizuia kwa kiuno. IST iko katikati, siyo mbaya. Noah siti iko juu, unakaa kama kwenye kiti cha mezani, shida yake ni kule kupanda.

Gari ambayo watu wanaidharau na mimi naipenda ni Raum. Toleo lililoanza 2003 Toyota waliliunda wakifikiria mtu wa rika lolote na afya yoyote aweze kuingia na kutoka bila shida. Upande wa abiria mlango wa mbele unafunguka, wa nyuma unateleza, na nguzo ya katikati haipo. Sakafu iko chini. Unaingiza boksi la viatu bila kujikunja. Sura yake ni ya kizee, sawa, lakini mteja wako haoni gari, anaona mzigo umefika.

Tatizo kubwa la wengi wetu ni kwamba tunaagiza gari kwa picha. Picha inakuonyesha rangi, kilomita na taa. Siti huwezi kuikalia kwenye simu. Kwa hiyo fanya hivi: kabla hujalipa, ita taksi ya mtandaoni, ikija ya aina unayoitaka mwombe dereva ukae mbele. Siti ya abiria na ya dereva kwenye gari nyingi zina umbo moja. Mkishafika muombe ukae upande wake dakika 20 gari ikiwa imezimwa, umwongezee hela ya soda. Wengi wanakubali, wanacheka tu. Dakika mbili za kukaa yadi hazikuambii kitu, kila siti ni tamu dakika mbili za kwanza. Maumivu yangu mimi huanza dakika ya kumi na tano.

Na kwenye picha za mnada kuza ile ya siti ya dereva, angalia ukingo wa kulia. Gari za Japan dereva anakaa kulia na anatokea kulia, kwa hiyo kila akishuka anauburuza mwili juu ya ukingo ule. Ukiona umelala au umechanika wakati wa kushoto umesimama, sponji ya upande mmoja imekufa. Ukikaa hapo nyonga inainama upande na mgongo unapinda kuifidia. Gari za kazi ndizo zenye hali hiyo zaidi. Siyo sababu ya kuacha gari, ni sababu ya kupunguziwa bei, maana siti inatengenezeka.

Inatengenezeka hapa hapa. Gerezani na Ilala kuna mafundi wa siti ambao kazi yao ni kuvua kava, kutoa sponji iliyokufa na kuweka mpya. Funga bei kabla hajachana kitu. Mwambie aweke sponji ngumu chini na laini kidogo juu, na asiongeze kimo cha kalio bila kukupima ukiwa umekaa. Kalio likipanda sana kichwa kinagusa paa, unaanza kuinama, umetibu kiuno umeharibu shingo. Magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kuna fundi atakushawishi uweke siti ya gari nyingine kabisa, au zile za sporti zinazokukumbatia. Zinakumbatia kweli, shida ni kutoka. Pia reli na bolti za siti ndizo zinazokushikilia ajali ikitokea, siyo sehemu ya kubahatisha na kuchomelea. Na kama pembeni ya siti yako kuna maandishi ya eabegi, usikubali siti kava ya kubana pale, inaweza kuzuia eabegi kufunguka.

Mito ya mgongo inayouzwa Kariakoo nimejaribu mingi kuliko nilivyopenda. Ule wa wavu wenye waya unaofungwa kwa mpira, kwangu ulilala bapa ndani ya mwezi. Ule wa duara wenye tundu katikati ni wa watu wenye shida nyingine, siyo ya kiuno. Kava la shanga za mbao linasaidia jasho na hewa, mgongo haulishikilii. Halafu kuna sponji inayobaki na alama ya mkono ukiibonyeza, wauzaji wanaiita memori. Asili yake ni 1966, ilitengenezwa kwa kazi ya NASA ya Marekani, kwa ajili ya viti vya ndege. Ni nzuri, lakini inalainika kwa joto. Acha gari juani saa saba mchana, rudi ukae, umezama mpaka chini. Wakati wa asubuhi ni mto, mchana ni uji. Kama unautaka, uwe unashuka nao.

Ninachotumia mimi leo ni kanga. Naikunja iwe kama mkate mrefu, naifunga kwa mpira wa nywele, naiweka pale mkanda wa suruali unapopita. Unene wake naurekebisha kadiri ya siku. Egemeo nalilaza kidogo tu, lisisimame wima na lisilale kama la wale vijana wa mziki mkubwa. Siti naisogeza mbele mpaka goti linabaki limekunjika kidogo nikikanyaga breki hadi mwisho. Kuingia, natanguliza makalio, halafu nageuza miguu yote miwili pamoja. Zamani watu waliweka mfuko wa nailoni juu ya siti ili wageuke kwa kuteleza, mifuko ile imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kipande cha satini kinafanya kazi ile ile, ukishageuka unakitoa.

Kaka zangu, na hii ni yenu hasa: toeni pochi mfuko wa nyuma. Mfanyabiashara wa Kariakoo anakalia pochi, risiti za mwezi mzima na simu ya pili, halafu anasema siti mbovu. Kalio moja limeinuka, na mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni unapita hapo hapo.

Ukifika kwa mteja usishuke ukabeba hapo hapo. Mgongo uliokaa muda mrefu umekakamaa, tembea kidogo, piga simu, hesabu mzigo kwanza. Boksi zito mpe mbebaji umlipe. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia, watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi kwa migongo yao. Mji huu umejua bei ya mgongo siku nyingi. Hela ya kumlipa mbebaji iingize kwenye bei ya delivari kama unavyoingiza mafuta.

Wasio na gari: kwenye daladala kaa mbele au katikati, siti za nyuma kabisa ziko nyuma ya tairi na ndizo zinazorusha. Kile kiti cha kukunja cha njiani hakina egemeo la maana, bora usubiri gari inayofuata. Mwendokasi, kusimama ukiwa umeshika bomba kwangu kumenifaa kuliko kukaa nimejikunja. Ukienda mkoani na basi, gari ikisimama watu wachimbe dawa, shuka hata kama huna haja, na uwe wa mwisho kurudi.

Kuna hali ambayo siti haihusiki kabisa. Ukiona ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, mkojo au choo huvihisi au huvizuii, au mguu unaishiwa nguvu, siku hiyo hiyo nenda hospitali, usiagize mto. Maumivu ya kawaida yasiyoisha anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala, wao ndio watakaokuandikia kwenda MOI pale Muhimbili ikihitajika. Mazoezi utakayopewa huko yatakusaidia kuliko kitu chochote nilichoandika humu.

Mwisho, najua kuna waliosoma huku wanawaza kuuza hiyo mito. Uzeni, soko lipo. Ila msiandike "inatibu mgongo". Ukidai inatibu umeingia kwenye vifaa tiba, na huko kuna TMDA. Andika urefu, upana na unene kwa sentimita, piga picha ukiwa umeuweka kwenye siti ya gari inayojulikana, IST au Noah, siyo kwenye kochi la sebuleni. Mteja akiuliza utamfaa, muulize anaendesha gari gani na kichwa chake kimebakiza vidole vingapi kufika paa.