Kengele za wazee Uingereza: fedha zinahamia ukutani

BIASHARA ya kengele za dharura za wazee nchini Uingereza imo katika mageuzi makubwa, na mwenye mtaji mdogo hana budi kuitazama vizuri kabla ya kutoa fedha zake.

Watu wapatao milioni 1.8 nchini humo, wengi wao wazee wanaoishi peke yao, wanategemea kengele hizo. Mzee huvaa kitufe shingoni au mkononi. Akianguka hukibonyeza, na mtambo ulioko nyumbani hupiga simu kituo cha msaada. Kwa miaka mingi mtambo huo umetumia laini ya simu ya mezani, ambayo waya wake wa shaba hubeba pia umeme kutoka kituo cha simu. Hata taa zikizimika mtaa mzima, simu hubaki hai.

Laini hizo sasa zinaondolewa. Tarehe ya kuzizima ilikuwa Desemba 2025, lakini mwezi Mei 2024 ilisogezwa hadi 31 Januari 2027. Simu mpya hupitia intaneti, na ruta yake hutumia umeme wa nyumbani. Umeme ukikatika na betri ikiisha, kitufe hugeuka pambo. Desemba 2023 makampuni makubwa ya simu yaliahidi kusitisha kuwahamisha wateja bila ridhaa yao, kwa kuwa kengele za baadhi ya wazee zilishindwa kufanya kazi baada ya kuhamishwa. Ofcom, msimamizi wa mawasiliano, anataka mteja anayetegemea simu ya mezani aweze kuita msaada kwa angalau saa 1 umeme unapokatika. Saa 1! Mtu aliyeanguka bafuni usiku wa manane anahitaji zaidi ya hapo.

Kwa hiyo wateja wapo, na vifaa vitabadilishwa watake wasitake. Lakini si kila shehena ya bei nafuu ina faida. Baadhi ya mitambo inayotumia laini ya simu ya mkononi hutegemea mtandao wa 2G, ambao Uingereza imepanga kuufunga ifikapo 2033. Anayejaza ghala kwa mitambo hiyo ananunua mali yenye tarehe ya kufa.

Wakubwa wanaelekea kwenye ujenzi. Legrand ya Ufaransa, inayofahamika kwa swichi na soketi, ilinunua Intervox mwaka 2011, kisha Tynetec ya Uingereza mwaka 2013, zote za kengele za wazee. Hesabu yao inaeleweka: paipu ya nyaya ikilazwa kabla ya plasta gharama yake ni ndogo, ila ukuta ukishapakwa rangi fundi umeme hutoza mara kadhaa. Kanuni za England tayari zinataka swichi na soketi za nyumba mpya ziwe kati ya milimita 450 na 1,200 kutoka sakafuni, ili asiyeweza kuinama azifikie.

Mfanyabiashara atakayeletewa mitambo iliyotumika kutoka huko aulize kwanza inapiga simu kwa laini gani, na betri yake hudumu saa ngapi.